Makofi Mawili Mbele ya Hakimu

Kasiani alizoea kuanza na kosa. Ndivyo alivyolelewa Mwandiga, kabla hajateremka Ujiji kujifunza kuunda boti. Kwao, mtu akilalamikiwa mbele ya wazee hakurupuki kujitetea. Hupiga makofi mawili taratibu, huinamisha kichwa, husema, "Ni kweli, wazee wangu, nisameheni." Hapo hasira hupoa, na mzee mmoja husema, "Haya, sasa tueleze." Maelezo hayo ndiyo kesi yenyewe. Wangapi walianza kwa kuomba radhi wakamaliza kwa kuombwa wao! Anayekana tangu mwanzo huonekana jeuri, na jeuri huko ni kosa kubwa kuliko wizi wa kuku.

Kwa miaka thelathini na mmoja adabu hiyo ilimfaa. Mteja akija akifoka kwamba boti inavuja, Kasiani alisema, "Ni kweli, bosi, nisamehe," kisha akamwonyesha polepole mahali ambapo mteja mwenyewe aligonga jiwe. Wakacheka, wakaagiza chai kwa Yasmini, muuza vitumbua aliyeketi hatua kumi kutoka karakana, na fundi akarudi kushindilia pamba iliyochovywa mawese kwenye nyufa.

Ijumaa moja polisi walikuja wakafunua turubai nyuma ya mbao zake, wakaikuta injini iliyoibwa Kibirizi wiki mbili kabla. Kasiani hakushangaa kuwepo kwa injini. Alishangaa kwamba ni ya wizi. Kila fundi wa ufukwe ule hufanya hivyo: boti ikipandishwa kutengenezwa, injini hufunguliwa na kulazwa kwa fundi hadi siku ya kuishusha majini. Hii aliileta Edson, mteja mgeni, pamoja na boti yake iliyooza mbavu. Yasmini alimwona akiitua kutoka begani, akamtania, "Kaka, mbona mashine imenona kuliko boti?" Sasa Edson hakujulikana aliko.

Rozalia, mkewe Kasiani, hakukaa kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Veneranda, msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika kata yao, mwanamke aliyejua mlango wa kubisha. Veneranda alipiga simu mbili, akapata wakili asiyedai malipo. Lakini wakili alikuwa Kasulu kwenye kesi nyingine na angefika Jumanne. Kasiani angesomewa shtaka Jumatatu.

"Usiogope," Veneranda alisema. "Jumatatu ataulizwa tu, kweli au si kweli. Aseme si kweli, afunge mdomo. Yaliyobaki ni ya wakili."

Jumapili Rozalia aliyabeba maneno hayo hadi kituoni, pamoja na ugali wa muhogo na samaki wa migebuka.

"Useme si kweli, baba Dorotea."

"Nimwambie hakimu anasema uongo?"

"Hasemi yeye. Wanasoma tu karatasi."

"Mtu mzima amekaa mbele za watu, shtaka limesomwa, halafu mimi namrukia na si kweli? Huyo atanifunga kwa hasira."

"Baba Dorotea!"

"Nimesikia, mke wangu. Nitasema."

Ndani ya mahabusu, Feliksi, kijana wa mjini aliyekamatwa na simu tatu za watu mfukoni, alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, sikiliza mwenye uzoefu. Simu niliiba. Zote tatu, na chaja. Kesho nitasema si kweli mpaka kuta zishangae."

"Huoni aibu?"

"Aibu haimdhamini mtu, mzee."

Jumatatu Feliksi aliitwa kwanza. "Si kweli, mheshimiwa," alisema, kichwa juu. Akapangiwa tarehe na kupewa masharti ya dhamana. Kaka yake alikuwa amekuja na barua ya serikali ya mtaa, na kabla ya adhuhuri kijana alikuwa nje anakula mishikaki.

Kisha akaitwa Kasiani. Hakimu alikuwa mtu wa makamo mwenye mvi na sauti ya upole, na upole huo ndio uliommaliza. Angefokewa, pengine angekumbuka. Alipoziona zile mvi aliona wazee wa kwao. Shtaka likasomwa: kupatikana na mali idhaniwayo kuwa ya wizi.

"Unasemaje? Ni kweli au si kweli?"

Kwenye benchi la nyuma Rozalia aliinua shingo amwone. Mikono ya Kasiani iliinuka yenyewe. Makofi mawili.

"Ni kweli, mheshimiwa. Nisamehe."

Kisha akasubiri kuambiwa: haya, sasa tueleze.

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya kosa: siku, mahali, namba ya injini, na kwamba polisi hawakupata kwa mshtakiwa maelezo ya kuridhisha. Ni kweli? Ilikuwa kweli. Polisi hawakupata maelezo, kwa sababu hawakuyauliza. "Ni kweli," alisema tena, na hakimu akamtia hatiani.

Ndipo alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, na uso wake ukang'aa. Zamu yake imefika! Akaeleza yote: desturi ya mafundi, Edson, boti iliyooza mbavu, utani wa Yasmini. Alieleza vizuri kuliko mawakili wengi. Hakimu aliandika mstari mmoja, akatamka miezi kumi na miwili.

Watasema utaratibu ulifuatwa. Ulifuatwa, kama maji ya mvua yanavyofuata mtaro hadi ndani ya nyumba ya maskini. Tunajisifu kwamba asiye na uwezo hupewa wakili. Hatusemi wakili huyo afike kabla maskini hajafungua kinywa.

Jumanne wakili Diana alifika, viatu vimejaa vumbi jekundu la Kasulu. Alisoma jalada mara mbili, akazungumza na Yasmini, kisha akaenda gerezani.

"Shikamoo, mzee Kasiani."

"Marahaba, mwanangu."

"Yasmini yuko tayari kuapa. Lakini kwenye jalada kuna 'ni kweli' mbili, na chini yake mstari mmoja: mshtakiwa anaomba huruma. Edson hayumo kabisa. Aliyekiri mwenyewe hakati rufaa kupinga hatia, labda pawe na ufa, na hapa wameziba kama unavyoziba boti. Nitapigania adhabu ipunguzwe."

"Yaani nitatoka mapema, ila nitatoka mwizi."

Diana alifunga faili lake, akalifungua tena. "Mzee wangu, kwa nini ulikubali?"

Kasiani alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtoto analijua.

"Sikukubali, mwanangu. Nilikuwa sijaanza kueleza."