Mkebe wa Maziwa wa Naftaly Gathogo

Naftaly Gathogo alirithi kwa baba yake vitu viwili, nyundo na jina. Mzee Gathogo alikuwa mhunzi, na nyumba yake haikusifika kwa wingi wa mbuzi bali kwa kazi iliyoaminika. Kwa hiyo Naftaly alipofungua karakana yake mjini Nakuru, uani mwa duka la vyuma la Amrit Singh, aligonga chini ya kila chombo neno moja tu kwa patasi: Gathogo. Jina lake mwenyewe hakuliweka. Alisema yeye bado hajafanya jambo la kuandikwa.

Mwaka wa 1951, mchuuzi mmoja wa maziwa aitwaye Kipketer aliingia uani akisukuma baiskeli iliyofungwa debe nyuma. Alikuwa akiteremsha maziwa ya ng'ombe wa mama yake kutoka juu Dundori, walikokaa kwenye ukingo wa shamba la mzungu, na kuyauza sokoni. Alifungua debe, akamwonyesha fundi. Ndani mlikuwa na mabonge ya manjano yakielea kwenye maji meupe.

"Fundi, tazama mwenyewe. Mama hunipa maziwa. Nikifika hapa nina siagi."

"Basi uza siagi," Amrit Singh alisema kutoka mlangoni kwake, akipangusa kufuli kwa kitambaa. "Barabara ya Dundori imekufanyia kazi ya mashine bure, na bado unanung'unika."

"Wateja wangu wanataka chai, Singh."

Naftaly hakucheka. Aliinama juu ya lile debe kama mtu anayechungulia kisima. Akauliza maswali mpaka mchuuzi akachoka: maziwa hujaa mpaka wapi, mteremko ni mkali wapi, baiskeli huruka wapi. Kipketer alipoondoka, Naftaly alibaki akitikisa chupa yenye maji nusu na kuisikiliza. Kisha akaijaza mpaka mdomoni, akaitikisa tena. Safari hii haikutoa sauti.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alimweleza mkewe. Wariara alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwanamke aliyezoea kusikia jambo mpaka mwisho kabla ya kulitolea alama.

"Si barabara inayopiga maziwa," Naftaly alisema. "Ni ile nafasi iliyobaki juu yake. Chombo kikikosa nafasi, maziwa hayana pa kukimbilia."

"Na akiuza nusu njiani? Nafasi itarudi."

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikaa nalo siku kadhaa. Alikata karatasi za mifuko ya saruji, akazigandisha kwa uji wa unga, akajenga mikebe ambayo haingeweza kubeba hata tone. Mmoja ulikuwa na shingo fupi, mwingine shingo ndefu, mwingine tumbo bapa ili usigonge gurudumu. Aliivunja yote na kuanza upya. Hatimaye alichonga kisahani cha mti chepesi, kinachoingia ndani ya mkebe na kuelea juu ya maziwa, kikishuka kadiri maziwa yanavyoshuka. Ndipo alipochukua bati.

Wariara alikuja kumletea chakula akamkuta akilikunja. Alisimama na sahani mkononi akasahau kuiweka chini. Lile bati lilikuwa bapa kama daftari. Mumewe alipiga ukingo wake kwa nyundo ya mti, taratibu, na lile bapa likaanza kujizungusha, likapata kiuno, likapata shingo, mwisho likapata mdomo. Akalehemu mishono, na risasi ya kulehemia ikayeyuka na kukimbia ndani ya ufa ikimeta kama umande kabla ya kufifia.

"Juzi kilikuwa kichwani mwako," Wariara alisema taratibu. "Hakikuwepo duniani."

Ili kuujaribu, Naftaly alifunga mkebe uliojaa maziwa kwenye baiskeli ya kuazima, akawa anapita na kurudi juu ya reli pale njia ya gari moshi inapokata barabara. Mtu mzima, mwenye koti la kanisani. Watu walisimama. Mmoja alimuuliza Wariara kama mumewe amerogwa, naye akajibu kwamba mumewe yuko kazini. Jioni walimimina yale maziwa, na yalikuwa maziwa.

Kipketer alichukua mkebe wa kwanza, na wachuuzi wenzake wa juu walipouona wakataka ya kwao. Ikawa furaha ya muda mfupi.

Mvua za vuli hazijakatika, Kipketer alirudi. Safari hii hakuja uani. Alisimama katikati ya soko, maziwa yakimchuruzika kwenye gurudumu, akainua mkebe juu watu wauone.

"Gathogo huyu," alisema kwa sauti. "Amenifanya niinyweshe barabara maziwa."

Nabalayo, mama muuza uji aliyekaa penye lango la soko, alikuwa na ulimi ambao hata makarani wa manispaa waliuogopa. "Mwacheni fundi," alisema. "Mkebe wake ni mchanga bado. Mtoto mchanga hukojoa."

Soko likacheka. Kabla ya jua kuzama, habari za mikebe inayokojoa zilikuwa zimefika stesheni. Naftaly aliweza kuvumilia kuitwa mjinga. Lakini watu hawakusema Naftaly. Walisema Gathogo, na mwenye jina alikuwa kaburini, hana mdomo wa kujitetea. Kama chanzo hakingejulikana, jina la mzee lingebaki mzaha wa sokoni, na watoto wa Naftaly wangeitikia mzaha huo.

Aliuchunguza ule mkebe. Mshono wa chini ulikuwa umeachia. Risasi ilikuwa imekimbia, kana kwamba imetoroka. Alikagua kazi yake asione kosa. Alitengeneza mwingine, akaujaza maji, akaupiga, akauangusha. Haukuvuja.

"Mwambie aliuangusha," Amrit Singh alimshauri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa duka. "Nani atajua?"

"Sijui kama aliuangusha."

"Basi toa jina. Uza bila jina. Mikebe ikivuja, itakuwa imevuja yenyewe."

Naftaly alishika tupa. Aliiweka juu ya jina, chini ya mkebe mpya, na mkono ukakataa kusukuma. Alirudi nyumbani akasema hataki chakula.

"Baba Mugure," Wariara alisema, maana binti yao wa kwanza aliitwa Mugure, "wewe umeujaribu mkebe kwako. Lakini mkebe haukai kwako. Umewahi kuona unakolala?"

Naftaly alifika juu Dundori siku ya pili na ule mkebe mpya mkononi, ukungu ukiwa bado umekalia mashamba. Chepkurui, mama yake Kipketer, alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo wima. Alimkaribisha bila maneno mengi. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mama, nimekuja kuuona mkebe ukifanya kazi," Naftaly alisema.

"Keti basi. Lakini kwanza nimalize vibuyu."

Vibuyu vilikuwa vimetundikwa juu ya uchaga, vyeusi, vinavyong'aa kwa miaka ya mikono. Chepkurui aliteremsha kimoja, akachukua kijiti cha mti wanaouita senetwet kilichowaka motoni mpaka ncha ikawa kaa jekundu. Akakitia ndani ya kibuyu na kuanza kukizungusha. Moshi mtamu ukapanda. Kaa lilisagika ndani polepole, likauacha ukuta mweusi. Kisha akapitisha ufagio mwembamba wa ukindu, akakung'uta majivu.

"Ndiyo sabuni yetu," alisema. "Maziwa yakilala humu hayaharibiki. Chombo kisichopata moshi si cha maziwa. Hicho ni cha kuchotea maji."

Naftaly aliuliza kama kibuyu hakiungui. Chepkurui akamtazama kwa huruma, kisha akamweleza, na fundi akasikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza baba yake mbele ya mvukuto. Kibuyu huanza shambani. Kikiwa bado kwenye mmea wake hufungwa na kuinamishwa ili kipate shingo inayotakiwa. Hukaushwa, hutobolewa, hulowekwa mpaka uchungu utoke. Hicho kirefu alikileta alipoolewa. Hicho kilichoshonwa kwa ngozi kilipasuka mwaka wa nzige, akakiponya. Kikishindwa kuponywa hukatwa kikawa kata ya kuchotea, kata ikivunjika hubaki kigae cha kuwekea mbegu, na mbegu nyingine ndani yake ni za kibuyu.

Naftaly alivitazama vile vyombo kimoja kimoja. Yeye alifikiri kazi ya chombo inaanza kwenye nyundo na kuishia mkononi mwa mnunuzi. Kumbe hapa palikuwa na watu waliokijua chombo tangu ua lake mpaka kigae chake, na hakuna hatua waliyoisahau.

"Sasa mkebe wako," Chepkurui alisema. Akachukua ule mkebe mpya aliokuja nao fundi, akatoa kijiti kingine motoni na kutia kaa ndani, kwa upole uleule.

Naftaly aliona. Kule chini, nje ya mshono, tone dogo la risasi lilijitokeza, likang'aa na kuanguka majivuni.

Alifungua mdomo. Angeweza kusema pale pale kwamba mama ndiye anayeuchoma, na jina la Gathogo lingekuwa safi kabla ya adhuhuri. Alimtazama yule mama aliyekuwa akikiheshimu chombo chake kama cha mama mkwe wake. Akafunga mdomo. Akaanza kutazama mkono badala ya mshono. Kaa lilizunguka chini kabisa na kupanda kidogo tu kwenye tumbo. Halikufika bega. Bega lilifikiwa na ufagio peke yake.

Alirudi mjini karibu akikimbia.

Kwa Amrit Singh alichagua bati nene kuliko yote. Alichimba shimo la mviringo kwenye gogo, akalaza bati juu yake na kuanza kulipiga, kidogokidogo, akilizungusha, akilipasha moto na kulipiga tena. Lilikuwa likikunjamana, naye akilinyoosha. Mabati mengine yalipasuka na kutupwa kando. Amrit Singh alifunga duka akabaki amesimama nyuma yake.

"Wewe kichwa ngumu," alisema. "Chini ya mkebe huwa bapa. Dunia nzima chini ni bapa."

"Kibuyu si bapa."

Bati lilikubali. Likashuka ndani ya gogo kama unga unavyoshuka kwenye kiganja, na Naftaly alipolitoa lilikuwa nusu ya tufe, zima, bila mshono hata mmoja. Mshono aliupeleka juu, begani, mahali ambapo moto haufiki, akaukunja mara mbili kabla ya kuulehemu. Kwa kuwa mkebe haukuweza kusimama, aliutengenezea pete ya bati ya kuukalisha, nyumbani na kwenye baiskeli. Wariara alitia kaa ndani kwa mkono wake mwenyewe, akazungusha, akamimina maji. Wote watatu walitazama chini ya mkebe kwa muda mrefu. Hapakuwa na tone.

"Haya," Amrit Singh alisema kwa sauti ndogo, akaligusa lile tumbo la mviringo kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa tikiti asiloliamini.

Juu Dundori, Chepkurui aliuchoma, akaunusa, akaujaza maziwa ya jioni. Naftaly alilala kwa Kipketer. Asubuhi pete ilikuwa kavu na maziwa yananukia senetwet. Chepkurui alimmiminia bilauri, akasubiri amalize.

"Na ukizeeka," alimuuliza, "utakuwa nini?"

Naftaly alishika bilauri tupu. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. "Ukichoka uurudishe kwangu, mama. Bega nitalikata liwe koroboi. Tumbo litakuwa upawa. Kitakachobaki nitaziba nacho mkebe wa mtu mwingine."

"Basi mkebe huu nao una ukoo," Chepkurui alisema, akautundika penye uchaga.

Njiani kuteremka, Kipketer alikuwa amekwisha kuelewa. Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. "Kumbe ni mama. Nitawaambia sokoni leo, fundi. Ni mama aliyeupika."

"Hutasema hivyo."

"Si ndiyo kweli?"

"Kweli ni kwamba nilitengeneza chombo cha maziwa nisimuulize mwenye maziwa. Ukitaka kusema, sema hilo. Mama yako asitajwe sokoni."

Kipketer alishika usukani wa baiskeli, wakateremka mpaka mjini. Sokoni alisimama palepale aliposimama siku ile, akafungua mkebe na kumimina. Maziwa yalitoka meupe na laini, bila bonge hata moja. Wachuuzi walisogea. Aliupindua mkebe mtupu wakaona umbo lake, na wengine wakaupitisha mkono kwa mkono wakitafuta mshono wa chini wasiuone.

"Gathogo ameutengeneza upya," Kipketer alisema. "Wa kwanza aliutengeneza kabla hajajua maziwa yetu hulala vipi. Sasa amejua. Ukivuja, njoo unimwagie kichwani."

Aliyekuwa wa kwanza kuja mbele alikuwa Nabalayo. Aliugonga mkebe kwa pete yake, akauweka sikioni, akamtazama Naftaly juu mpaka chini.

"Mimi nataka wa uji," alisema. "Mkubwa. Na usinitengenezee wa maziwa ukaniambia ni sawa tu."

"Unauosha vipi?" Naftaly aliuliza.

"Kwani unataka kunioa?"

Watu wakacheka, na safari hii Naftaly akacheka nao. Kisha akamfuata langoni, akageuza kreti tupu, akaketi karibu na jiko lake. "Uji ukiganda chini, unaukwangua kwa nini? Nionyeshe, mama."

Nabalayo alimtazama aone kama anafanyiwa mzaha. Alipoona sivyo, alichukua kijiko chake cha chuma, akaingiza mkono ndani ya sufuria mpaka kwenye kiwiko, na kuanza kumwonyesha.