Mshipa wa Baba Mkwe

Tarehe 11 Agosti mwaka 1954 mume wangu alifariki nyumbani kwetu, milimani juu ya Mbeya, kwa homa ya siku sita. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Sitaandika mengi juu ya siku hizo. Sizikumbuki vizuri, na ninachokumbuka hakimsaidii mtu.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa kuamua nirithiwe na ndugu yupi wa marehemu. Sisi Wanyakyusa ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Nilikuwa chumba cha nyuma, nikasikia baba mkwe akisema niachwe. Alisema nina darasa la nne, nina shangazi Iringa, niende nikatafute kazi, na mtoto niende naye. Wengine walinung'unika, lakini neno lilikuwa lake. Nilielewa siku ile kwamba maisha yangu na ya binti yangu yanalindwa na neno la mzee yule, na kwamba akifa yeye wenzake watakaa upya.

Wakati huo sikuwa nimewahi kuutazama uso wake. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe. Akitokea njiani unaiacha njia, unajifunika kitambaa, unageukia migombani mpaka apite. Humsalimu wala humtaji jina. Mchungaji alikuwa ametuambia si lazima, tukaitikia, tukaendelea vilevile. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mzee kwa kikohozi chake na kwa nyayo zake.

Nilifika Iringa na mtoto mgongoni, nikakaa kwa shangazi, mtaa wa Mlandege, nikapata kazi ya uhudumu katika hospitali ya misheni nje ya mji. Nilipiga deki na kuosha vyombo vya wagonjwa. Mwaka uliofuata Sista, Mzungu aliyesimamia wodi, alinifundisha kupima homa na kushika mshipa. Alinipa saa yake yenye mshale wa sekunde, nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, nikahesabu dakika nzima. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikuwa nikishika hata mshipa wa shangazi akisonga ugali, mpaka akanifukuza jikoni.

Mwaka 1956, mvua zilipokwisha, lori la mpunga kutoka Ubaruku lilisimama mlangoni pa wodi yetu. Nilikuwa nadeki. Nikasikia kikohozi, nikakifahamu kabla sijaona mtu, nikaingia nyuma ya mlango na ufagio wangu. Mzee alikuwa amekwenda kumtembelea mdogo wake kwenye mashamba ya mpunga, akaugua huko, wakampandisha juu ya magunia. Miguu ilikuwa imevimba. Pumzi ilikuwa fupi, na hakuweza kulala chali.

Dresa wa wodi, yule mwuguzi wa kufunga vidonda, Mhehe mtu wa mizaha, alinikuta pale nyuma ya mlango. Nilipomweleza alicheka sana. Alisema Wanyakyusa tunamwogopa mkwe kuliko simba. Sista yeye hakucheka. Wahudumu tulikuwa wachache, na mzee alitakiwa kushikwa mshipa kila saa. Akafikiri kidogo, akaenda kuleta pazia la magurudumu, lile la kuwasitiri wagonjwa wakioshwa. Akalisimamisha kando ya kitanda. Mzee atatoa mkono upande wangu, mimi nitakaa kwenye stuli. Alikwenda kumwuliza mzee kama itafaa. Mzee akasema pazia ni pazia, hata liwe la Wazungu.

Hivyo ndivyo nilivyomgusa baba mkwe kwa mara ya kwanza. Mkono ulikuwa wa baridi na una jasho. Wangu ulikuwa unatetemeka.

"Pazia," mzee akasema kutoka upande wa pili, "mwambie huyo aliyenishika asitetemeke. Mgonjwa ni mimi."

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilijiuma mdomo, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Nikapata themanini na nne. Kwenye chati dresa alikuwa ameandika mia na kumi na mbili, saa moja tu kabla yangu. Sasa niseme ukweli. Nami niliandika mia na kumi na mbili. Dresa alikuwa na cheti, mimi nilikuwa na ufagio. Nikaondoka, nikaenda kumwaga maji machafu, lakini namba ile haikunitoka kichwani. Nilirudi, nikakaa kwenye stuli, nikashika tena bila kuitazama saa.

Kwa kuwa pazia lilinizuia kuona kitu kingine chochote, nilikuwa na mambo mawili tu: mshipa chini ya vidole, na pumzi ya mzee nikiisikia. Mzee alipotoa pumzi, mshipa ulipiga. Alipovuta, ulififia, ukapotea kabisa. Akitoa, ukarudi. Nilifunga macho nikafuatisha hivyo kwa muda mrefu. Kila akivuta, unapotea.

Nikaifuta namba ya uongo, nikaandika themanini na nne, na pembeni nikaandika: unapotea akivuta pumzi.

Dresa aliposoma alisema vidole vyangu vimezoea jembe. Alinionyesha jinsi anavyohesabu yeye, kwa mpira wa kusikilizia moyo uliowekwa kifuani, na kwa kweli huko moyo ulipiga mia na kumi na mbili. Hakuwa amekosea. Nami nikamwambia kwa upole kwamba sikukosea. Mapigo mengine yanaondoka moyoni na hayafiki mkononi.

"Yanakwenda wapi, dada?" akauliza. "Yamepanda lori?"

Alasiri daktari alisoma chati, akasimama. Akauliza nani aliandika pale pembeni. Nilidhani nimeharibu kazi. Akaushika mkono wa mzee mwenyewe. Akafunga mkanda wa kupimia presha, akautoa upepo polepole sana huku akisikiliza. Kisha akampa dresa asikilize, na dresa akanitazama bila mzaha wowote.

Daktari alitueleza kwa Kiswahili chake cha kazi. Moyo umo ndani ya mfuko, na mfuko wa mzee umejaa maji. "Moyo ni nyama," akasema. "Nayo inataka damu yake, kama mkono, kama mguu. Huu umebanwa, hauwezi kujaa. Haulishi mwili, na wenyewe una njaa." Maji yakiongezeka kidogo tu, utasimama. Ilibidi apasuliwe leo hii.

Nikawa na hofu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka wa 54. Daktari akasema aliyeugundua mshipa ndiye ataushika.

Hawakumlaza usingizi, maana dawa ingeweza kumzima. Walimweka nusu ameketi, wakamchoma ganzi chini ya kidari. Sista alitundika shuka jeupe kati yangu na uso wake, nami nikapewa mkono. Kazi yangu ilikuwa kusema kwa sauti.

"Upo," nikasema. "Umepotea. Upo. Umepotea."

"Ukipotea utafute," mzee akaliambia shuka. "Mimi siwezi kuinuka."

 Kwa muda mshipa ulikuwa kama uzi tu, nikabonyeza nikidhani nimeuacha. Nikasikia daktari akivuta pumzi yake mwenyewe. Baadaye nikasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Yalikuwa ya kahawia, kama chai isiyo na maziwa, na yaliendelea kutoka hata Sista akaleta beseni la pili.

"Upo," nikasema. "Upo. Upo."

"Akivuta pumzi?" daktari akauliza.

"Upo."

Ulikuwa unajaa chini ya vidole vyangu kama mfereji unaofunguliwa shambani. Nikalia. Shuka lilinisitiri, hakuna aliyeona ila dresa, naye aliutazama ukuta.

Daktari aliacha mpira mwembamba uendelee kutoa maji, akaniagiza nini cha kuangalia siku zinazofuata: mshipa, rangi ya kucha, joto la miguu. Miguu ikiwa ya moto, damu inafika, na moyo wenyewe umeshiba. Basi pazia likasogezwa mpaka mwisho wa kitanda.

"Pazia limefika miguuni," mzee akalalamika kwa dresa. "Mnalipeleka wapi hili?"

Miguu ilikuwa ya moto. Siku ya tatu kucha zilikuwa na rangi ya waridi, na shangazi akaleta ndizi na maharage, mzee akala sahani mbili. Mpira ukatolewa, akaanzishiwa sindano za kila siku za kifua kikuu, maana ndicho kilichojaza yale maji. Wiki ya pili alikuja kaka mkubwa wa marehemu mume wangu kumtazama baba yake. Nikiwa kwenye stuli yangu nilimsikia akiuliza mimi nitarudi lini nyumbani.

"Yuko kazini," mzee akasema. "Humwoni ameshika mkono wangu? Usimpotezee hesabu."

Ilikuwa sabini na sita.

Asubuhi ya siku moja baada ya hapo nilikuwa natoka wodini na ndoo ya maji. Sikujua kwamba daktari alikuwa amemruhusu kutembea. Tulikutana mlangoni kabisa, hakuna pazia, hakuna migomba. Niligeukia ukuta wa kushoto na maji yakanimwagikia miguuni. Yeye aligeukia wa kulia, akaegemea fimbo yake. Nyuma yetu wagonjwa walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa.

Mzee aliuuliza ukuta wake, "Umepita?"

Nikaujibu wangu, "Bado, baba."

Akasubiri. Nikapita na ndoo yangu.