Siku Tatu na Mswaki Chini ya Neti

Hii story inanifanya nikae mjinga, najua, na wale wananijua hawatashangaa. Lakini acha niseme tu, juu hadi leo nikiinama kufunga viatu, mgongo wangu unaikumbuka.

Nilikuwa nafanya kazi kwa nasari ya miti na maua hapa Kitengela, kando ya barabara. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa maneno machache, mimi nilimwita Mathe. Nyuma ya nasari alikuwa na kibanda cha neti nyeusi, magunia yamening'inia pande zote, na huko ndani ndiko alikuwa anaweka fern zake, ile mimea ya majani ya msituni. Fern inataka kivuli na unyevu. Kitengela iko na jua, vumbi na upepo. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kudanganya hiyo mimea ati iko msituni Ngong. Unalowesha magunia asubuhi, saa sita, saa kumi, na kesho unaanza tena kama hukufanya kitu jana. Maji ya borehole haitaki, chumvi inachoma majani. Ni ya mvua tu, ya tangi, polepole na jagi. Mimi mwenyewe nilikuwa naoga na ya borehole.

Msichana wa Mathe akajifungua huko Kajiado, na Mathe akapanga kwenda siku tano. Kabla aende alinisimamisha mbele ya fern moja kubwa, majani marefu kama mkono wangu. Ya aina hiyo alikuwa nayo moja tu, na wateja walikuwa wanaiulizia kila wiki.

"Hii nikirudi kuna kazi tutafanya nayo," akasema. "Nikipata iko sawa, hiki kibanda utasimamia wewe. Nikipata imeharibika, utafute pengine."

"Mathe, hata huyo mjukuu hatalelewa hivi."

"Punguza mdomo, ongeza maji." Akaenda.

Siku ya pili nikageuza jani, kitu sijawahi fanya. Chini yake nukta za kahawia, nyingi ajabu, zimejipanga laini mbili. Nikageuza lingine. Hivyo hivyo. Mmea wote! Nikajua ni wadudu, na nikaona kibanda kinaenda, na kazi pia. Kumpigia simu nikaogopa. Mtu ameshika mjukuu, utamwambia aje mmea wake unaliwa?

Kuna mzee Mmasai alikuwa analisha mbuzi zake nje ya ua wetu. Nikamwita, nikamsalimia Kimasai.

"Sopa, mzee."

"Epa."

"Hebu angalia hii. Si ni kama kupe?"

Akashika jani, akaliangalia kitambo. "Mimi natoa kupe kwa mbuzi tangu sijaota meno. Kupe haijui kupanga laini."

"Labda hizi zimesoma, mzee. Zimenipita, mimi niliachia class eight."

Hakucheka. "Uliza mwenye mmea," akasema, akafuata mbuzi zake.

Sikuuliza. Nilichukua mswaki wangu wa zamani, sabuni kidogo na maji ya mvua, nikapiga magoti kwa tope. Jani moja moja, kajani kamoja kamoja, kwa upole kama unasugua mtoto masikio, juu ukiweka nguvu linavunjika. Vumbi ya kahawia ilikuwa inatoka tu, na mimi nafurahi. Na magunia bado yanataka maji. Siku ya kwanza ya kusugua nilikuwa naimba. Siku ya pili ugali nilikula nimesimama, kukaa kulikuwa kunauma. Siku ya tatu mteja alinisalimia na sikupata hata joke moja ya kumjibu. Nilimaliza jioni, shingo imekataa kugeuka, lakini jani hata moja halikuwa na nukta.

Mathe akarudi na bahasha za khaki, mpya, amefurahi.

"Leta ile fern tuanze kazi."

Nikaileta. Akageuza jani, akageuza lingine.

"Zile nukta ziko wapi?"

"Nimemaliza wote, Mathe! Mdudu hata mmoja sikuacha."

Akakaa juu ya ndoo. "Fern haitoi maua," akasema polepole. "Hizo nukta ndiyo mbegu yake. Nilikuwa nangoja zikomae tukusanye na hizi bahasha, tupande, tupate zingine. Sasa ni kungoja majani mapya, na sijui yatatoka lini."

Nilienda nikachukua koti yangu msumarini, nikakunja overoli, juu mtu akijua anafukuzwa ni vizuri asisumbue. Nilikuwa nimechoka hata huzuni haikuingia vizuri.

Akaniita nikiwa mlangoni. Akaangalia mikono yangu, ngozi imekunjamana na sabuni, kucha zimejaa tope.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Akatingisha kichwa. "Vijana nimefukuza hapa wengi, na wote ilikuwa uvivu. Wa kufukuzwa juu ya bidii sijui anafukuzwa aje. Enda ulale kwanza, nifikirie."