Meza ya Nne na Meza ya Tano

Sikander hakujua kupika, na tusimsingizie. Katika ndoa ya miaka arobaini na sita, kazi yake ilikuwa moto tu. "Mkaa wako, sufuria yangu," mkewe Khurshid alikuwa akimwambia, naye alichukua kipande chake cha kadibodi akapepea mpaka macho yakamwiva. Tangu walipohama Tanga wakahamia Agincourt, mtaa wa Toronto, kila Julai walikwenda kambi moja ya mapumziko kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili kaskazini ya Toronto. Pale kwenye banda la wazi la kupikia na kulia Khurshid alipika pilau la nyama, wana na wajukuu wakabanana meza moja, na hata majirani wasiojua pilau ni mdudu gani waliitwa wakala.

Khurshid akafa Aprili ya mwaka 2020, korona ilipopamba moto. Alizikwa na watu wasiozidi kumi, wamesimama mbalimbali utadhani wamegombana. Msikiti ulikuwa umefungwa. Hitima ikasomwa kwa video kwenye simu, kila mtu na kisanduku chake, na ilipokwisha watu wakapunga mikono, wakapotea. Hakuna aliyekula hata punje. Hilo ndilo lililomkaa Sikander kooni. Hitima gani isiyo na sinia, jamani? Mwaka ukazunguka, Aprili ikafika, mji ukafungwa tena. Akaapa kwamba kambi ikifunguliwa tu, Khurshid atasomewa pale pale bandani pake, na watu watakula, hata kama ni watu wa nyumba yake peke yao.

Kambi ikafunguliwa Julai, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe yalikuwa na bei. Loo! Kuingia, ada. Choo, ada ya dawa ya kuua vijidudu. Jiko la mkaa, ada ya kulipangusa. Meza, ambayo miaka yote mtu alijikalia bure, sasa ilikodishwa kwa saa moja na nusu, nayo ina ada yake ya dawa. Tena kila kaya na meza yake, hatua tatu kutoka meza hadi meza, na ole wako ukae meza isiyo yako.

Sikander alilipa bila kunung'unika. Akachukua meza mbili: ya nne yake mwenyewe, ya tano ya mwanawe Shakeel, mkewe Sabika na watoto wao watatu. Binti wa ofisi ya kambi akamuuliza kwenye simu, "Meza ya nne, kaya ya watu wangapi?"

"Wawili," akajibu.

Alipokata simu ndipo alipojishtukia. Angeweza kupiga tena akasahihisha. Hakupiga. Akamlipia marehemu ada ya kuingia na ada ya choo, huku akijua fika kwamba Khurshid, aliyekuwa akibishania hata bei ya kotmiri, angemgombeza wiki nzima. "Njoo basi unigombeze," akasema peke yake jikoni.

Siku yenyewe alifika saa nne asubuhi. Moto aliuweza, ukashika vizuri. Sufuria ndiyo iliyomtoa jasho. Vitunguu viliungua upande mmoja, maji yakazidi, na pilau likaanza kuelekea kwenye bokoboko. Lakini bizari haikumwangusha. Harufu ilipopanda aligeuka kumwambia Khurshid aonje chumvi, akakuta nguzo ya banda. Akaishika ile nguzo kwa muda.

Saa tano na nusu, meza zikiwa zimeshaanza kuhesabiwa muda, simu ikalia.

"Baba, samahani sana," alisema Shakeel. "Mdogo ameamka anakohoa. Pale getini wanauliza maswali, watatugeuza tu. Tutakuja wiki nyingine, inshallah."

"Anakohoa sana?"

"Kidogo. Lakini sheria ni sheria, Baba."

Nyuma ya sauti ya Shakeel watoto walikuwa wakicheka na katuni. Sikander alitega sikio asikie kikohozi, hakukisikia. Labda kilikuwapo. Kikohozi cha mtoto huja na kuondoka. "Mpe maji ya moto na asali," akasema, na simu ikakatika.

Akapakua sahani moja, akawanyanyulia watu wa meza ya saba kuwakaribisha. Wakatabasamu kwa macho juu ya barakoa zao, wakatikisa vichwa. Hawakuwa na ubaya. Siku hizo nani alikuwa anapokea chakula cha mtu asiyemjua?

Deanne, mwanamke wa makamo aliyekuwa msafishaji wa banda, alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi akiona yote hayo. Akaja na chupa yake ya dawa.

"Mzee, kama wageni hawaji niambie tu. Nitaandika meza ya tano haikutumika, utarudishiwa pesa yako."

"Wako njiani," Sikander alisema. "Wewe je? Karibu ule."

"Harufu inaniua, nakwambia. Lakini tumekatazwa, na nimeshaonywa mara moja." Akarudi kwenye ngazi zake.

Pesa zirudi! Apokee pesa, halafu iandikwe kwenye karatasi kwamba kwenye hitima ya Khurshid hakuja mtu? Bora mwizi azichukue. Sikander alisimama mbele ya sufuria, akasoma Fatiha, kisha akabeba sahani tano za karatasi mpaka meza ya tano. Akapakua. Akakaa mahali pa Shakeel, akala matonge matatu. Akasogea mahali pa Sabika, akala mawili. Akakaa mahali pa mtoto wa kwanza, wa pili, na kwa yule mdogo mwenye kikohozi akabomoa nyama vipande vidogo vidogo, kama Khurshid alivyokuwa akifanya. Kila mahali akadondosha wali mezani. "Mungu nisamehe," akanong'ona. Pilau lilikuwa bovu, naye akalila.

Muda ulipokwisha, Deanne akaja na ubao wake wa karatasi. Aliitazama meza ya tano. Akatazama na maegesho, ambako gari la mzee lilikuwa peke yake upande ule.

"Meza ya tano," akasema taratibu. "Watu wangapi?"

"Watano," Sikander akajibu, akimkazia macho.

Deanne akaandika watano. Akapuliza dawa, akapangusa mahali pote patano, mbele na benchi, hakuruka hata mahali pamoja. Hapo mzee angeweza kumbusu mkono.

Kisha akahamia meza ya nne. Upande mmoja ulikuwa na miwani ya Sikander na kikombe chake cha chai. Upande wa pili ulikuwa mkavu, safi.

"Na hapa imeandikwa wawili," Deanne alisema, kalamu ikiwa tayari kutia alama. "Wawili, sivyo?"

Alichohitaji mzee ni kuitikia kwa kichwa tu. Wale watano walikuwa hai nyumbani kwao, wakitazama katuni. Kuwasemea uongo hakukuwapunguzia kitu. Aliutazama ule upande mkavu.

"Mmoja," akasema. "Futa hapo, mama. Andika mmoja."