Mstari Ulionyooka Mahali Pasipo Pake

Nakumbuka siku niliyoacha vichupa juu ya meza, mwanangu, kuliko siku nyingine yoyote niliyofanya kazi katika maabara ya Lodwar. Shemeji yangu alikuwa ametoka Lowarengak na samaki wakavu. "Ejok!" akaita mlangoni. Nikatoka kumsalimu, na unajua salamu zetu Waturkana: huulizi habari za mtu ukaacha za mbuzi, za ngamia na za mvua. Niliporudi ndani, barafu ya kuvipoza vichupa ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu.

Vichupa vile ndivyo vilivyokuwa rula yetu. Ndani yake mna jeni za virusi vya UKIMWI, na idadi yake inajulikana. Unazipunguza mara kumi, kisha mara kumi tena, mashine inachora mstari, na damu ya mgonjwa inapimwa kwa mstari huo. Joto likiziharibu, kichupa kilichoandikwa elfu huenda kimebaki na mia, na kila mgonjwa ataonekana ana virusi vingi kuliko alivyo navyo.

Niliyajua hayo. Lakini mstari ulitoka umenyooka, nikajiambia hauna neno. Kumbe ulinyooka, ila ulikuwa umesogea. Nikatoa majibu.

Baada ya wiki akaja Nakiru kutoka Kakuma, mjamzito, karatasi ya majibu yangu mkononi: virusi vingi. Kliniki ilitaka kumbadilishia dawa, na mumewe alimwita mwongo anayezitupa.

"Mimi nakunywa kila asubuhi," alimwambia msimamizi wetu, Bi. Chebet. "Hata mbuzi zangu wanajua saa ya dawa. Uliza hao!"

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Bi. Chebet akatoa michoro ya siku za nyuma, akailaza kando ya ule wangu.

"Ekai, huu umechelewa mizunguko mitatu ya mashine. Barafu ilikuwepo?"

Ningeweza kusingizia umeme. Lodwar nani angebisha? Nikamwona yule mama ameshika tumbo lake.

"Iliyeyuka, madam. Niliona, nikanyamaza."

Tukarudia sampuli zote za siku ile kwa vichupa vipya. Virusi vya Nakiru vilikuwa vichache mno. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Yeye mwenyewe aliniomba nifike Kakuma, nimweleze mumewe. Nilipomaliza, Nakiru akanitazama.

"Kumbe mwongo alikuwa wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi kaa unywe chai."

Binti yake alizaliwa bila virusi, na leo yuko shule. Lakini ile wiki aliyoishi Nakiru kama mwongo nyumbani kwake, siwezi kumrudishia.

Kwa hiyo, mwanangu unayeanza kazi hii, mgonjwa akikataa kile mashine yako inachosema, kagua rula yako kabla hujamkagua yeye. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, usingoje mjamzito apande basi kuja kukukumbusha. Akuj, Mungu wetu, akupe mikono mitulivu na ulimi usiojificha, na mvua iwakute mbuzi wako wakiwa hai.