Landrova ya Baba Ilivyopanda Rhotia

Injini ya Landrova niliyoachiwa na marehemu baba niliishusha na kuiunda upya mwenyewe hapa Karatu, nikaifungia na tabo ya kupuliza hewa ipate nguvu. Jumamosi nikapakia wazee wanne nyuma, wakaniposee mchumba Rhotia.

Chini ya mlima nikasimama kubadili gia, kisha nikakanyaga mafuta. Gari likapaa. Njia nzima nikawa nawasifia wazee injini yangu kwa sauti, nao kimya. Nikajua wameduwaa.

Nikaingia kwa wakwe na honi, nikafungua mlango wa nyuma kwa madaha. Kilikuwemo kibuyu cha asali tu.

Nilisahau kwamba enzi za baba, pale chini ya mlima abiria wote walikuwa wakishuka kusukuma.

Mjomba, mmoja wa wale wazee wanne, akatokea anahema. “Tuliigusa tu,” akasema, “ikatukimbia.”