Wageni wa Kichuguu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyanya yangu alikataa chakula. Tuliishi kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Satellite, Nairobi, na Kukhu, kama sisi Waluhya tunavyomwita nyanya, alikuwa ameletwa kutoka Kakamega kwa matibabu. Mama alimpikia ndizi, kuku, uji wa wimbi. Wapi! Kijiko kimoja, kisha uso ukutani. Alitamani kitu kimoja tu, uyoga wa msituni, na mama, mzaliwa wa Nairobi, hakujua hata pa kuanzia kuutafuta.

Jumamosi moja baada ya mvua Kukhu akashika fimbo, akanishika na mimi mkono. Tulienda polepole, tukipumzika kila mara, hadi ukingo wa msitu wa Ngong Road. Nyuma ya mkaratusi ulioanguka tukakuta kichuguu, na juu yake vichwa vidogo vya kahawia ndiyo kwanza vinachungulia. Nikataka kupiga kelele. Akaniziba mdomo.

"Wageni wamefika," alinong'ona. "Kesho watakuwa wamefunguka. Usiite jina yao, usiwaonyeshe kidole. Hawa wako na masikio. Ukiwaita, wanaenda."

Njiani kurudi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu.

Ulimi uliponza kichwa, wanasema; wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Tulipofika tu nilimkimbilia rafiki yangu Mwende, wa mlango wa pili, nikamwaga yote: uyoga, kichuguu, mkaratusi. Niliutaja jina labda mara kumi. Jamani, furaha ile ningeiweka wapi?

Asubuhi kichuguu kilikuwa kitupu. Kukhu alisimama akiangalia vishimo vibichi.

"Uliwaita?"

"Hapana, Kukhu," nikamdanganya, tena nikimtazama machoni.

Jioni mama Mwende akabisha hodi na bakuli la uyoga uliokaangwa kwa kitunguu. "Kukhu, nimekuletea kidogo. Kula upate nguvu." Hakuwa mwizi. Msitu haukuwa wetu, na yeye Mkamba uyoga aliujua na kuupenda tangu kwao. Kukhu alishukuru, akanusa, akalisukuma bakuli. Kwao mgonjwa hali uyoga ambao hakuuona ukitoka ardhini, maana mkono wa mwingine unaweza kuchanganya na ule unaoua. Tulimsihi. Ng'o! Mimi na mama tukaula, tusije tukamwaibisha jirani. Ulikuwa mtamu ajabu, nami niliutafuna huku nalia, mama akidhani ni pilipili.

Kukhu hakutoka nje tena. Wiki ya pili tulimrudisha Kakamega ndani ya jeneza.

Leo mimi ni mtu mzima na najua uyoga hauna masikio. Naamini Kukhu naye alijua. Aliyaogopa masikio ya watu, ila mtoto humwambii hivyo, atakuuliza watu gani. Wananiambia alikuwa mgonjwa, angekufa tu. Sawa, angekufa. Lakini alikufa na njaa, na njaa ile ni mimi niliyempa. Sijawahi kumwambia mama.

Juzi mvua iliponyesha, binti yangu aliingia na uyoga kiganjani, ameuokota nyuma ya nyumba. "Mami, hii inaliwa?"

Niliugeuza juu, nikaugeuza chini. Sikujua, na wa kumuuliza hayupo.

"Tupa," nikamwambia. "Na uoshe mikono."